Mtani Aliyeukana Utani

Aliyefungua mlango alikuwa Polikarpo.

Nyie mliokuwa mnanitumia meseji wiki nzima mkibashiri ni polisi, pelekeni ubashiri wenu kwenye mpira. Alikuwa Polikarpo, mtani mwenyewe, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi. Sesilia alipomwona alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita nitaeleza mara moja tu, na akikosa tena asiniulize. Sesilia ni mtaalamu wa maabara katika zahanati ya Bi Khairiya Muhdhar, hapa Mtoni, mwaka wa tisa huu. Jioni akishavua koti jeupe huingia kwenye kundi la WhatsApp linaloitwa Darubini ya Mtoni, kijiwe cha watu mia mbili na kitu wanaobishana habari za sayansi. Humo wamebishana kama pikipiki ya umeme inaweza kujichaji ikiteremka mlima, kama mwezini kuna maji na nani atapewa kibali cha kuyauza, na kama simu ikilazwa chini ya mto inakausha ubongo. Hakuna aliyewahi kushinda ubishi humo ndani, na hakuna aliyewahi kujitoa.

Ijumaa mada ilikuwa habari ya mashine inayosoma slaidi za malaria yenyewe, bila jicho la mtu. Sesilia alisimama upande wa jicho. Polikarpo akasimama upande wa mashine na kumchokoza kwamba mashine haisinzii kazini kama Wamwera. Sesilia ni Mmwera wa Ndanda, Polikarpo anatoka Songea, na Wangoni na Wamwera ni watani tangu babu zao walipochoka kupigana. Kwa hiyo Sesilia akajibu kama mtani anavyojibiwa. Kwanza akaandika kwamba Mngoni akija na homa yake atapewa kiti. Kisha, kwenye ujumbe wa pili, akaandika: "Wala simpimi. Naandika tu majibu namrudisha kwao."

Watu wakacheka, kila mtu akaenda kula.

Jumatatu ujumbe ule wa pili, peke yake, ulikuwa umeenea Temeke nzima. Mtu alipiga skrinshoti, akaikata juu na chini, akaweka maandishi mekundu kwamba mtaalamu wa maabara amekiri. Wagonjwa watatu walikuja kudai vipimo vyao virudiwe, mmoja akiwa ameichapisha kabisa ile skrinshoti kwenye karatasi. Bi Khairiya akaandika barua ya kumfukuza Sesilia kazi, na barua hiyo ikifika kwenye baraza la taaluma yake, hatashika darubini tena maishani. Sesilia alipofungua simu yake aonyeshe mazungumzo yote, alikuta meseji za Polikarpo zote nne zimeandikwa kitu kimoja: ujumbe huu umefutwa. Zilizobaki ni zake, na vicheko vya watu.

Bi Khairiya alisema anaujua utani, amezaliwa Mtoni na si mgeni wa mila za watu. Aje huyo mtani aseme neno moja mbele yake, barua ataichana.

Haya, mtani ndiye huyo kaingia ofisini kwake.

"Karibu, mwizi wa kuku," Sesilia alimwambia. Ndivyo walivyosalimiana kwa miaka mitatu.

Polikarpo hakucheka. Alimpa Bi Khairiya shikamoo, akavuta kiti, akaketi upande wa meza aliokaa Bi Khairiya.

"Marahaba, Polikarpo," Bi Khairiya alisema. "Ile mashine imeshatoka bandarini?"

Sesilia alidhani hajasikia vizuri. Bi Khairiya, ambaye hakuwa na habari kwamba anatonesha kidonda, akamweleza kwamba Polikarpo ndiye wakala wa kampuni inayoleta mashine ya kusoma malaria. Amekuja hapa mara tatu tangu mwezi wa saba. Yeye Bi Khairiya alikuwa anasitasita kuinunua, na alikuwa anasitasita kwa sababu ya Sesilia, maana kila alipomuuliza alimwambia jicho la mtu halijapata mbadala.

Miaka mitatu Sesilia alibishana na mtu akidhani anabishana na mpenda sayansi mwenzake. Alimtafutia makala, alimpigia picha slaidi, alikesha naye kwenye hoja za betri na setilaiti. Kumbe mwenzake alikuwa dukani, na yeye ndiye alikuwa anamfukuzia wateja.

Alimtazama Polikarpo usoni. Polikarpo alitazama feni.

"Basi tumalize," Bi Khairiya alisema. "Huyu anasema wewe ni mtani wake na maneno yale alikuwa anakutania. Ni mtani wako?"

"Hapana, mama."

"Sema vizuri."

"Mie Mmatengo wa Mbinga," Polikarpo alisema. "Hapa mjini ukishasema umetoka Songea kila mtu anakuita Mngoni, na mie nilishachokaga kuwasahihisha. Sie na Wamwera hatuna utani wowote. Alichoandika kaandika mwenyewe, na mie siwezi kumsemea."

Mimi nimeandika hadithi kwenye gazeti hili mwaka wa sita. Nimeandika watu waliokana mimba, waliokana ndugu zao maskini, na mmoja aliyekana jina la baba yake mbele ya hakimu. Mtu wa kuukana utani sijawahi kumwandika, kwa sababu sikujua kama yupo. Mtani ndiye anayekutukana mchana kweupe ukacheka. Ukimkana mtani, matusi yote mliyopeana tangu mjuane yanageuka kuwa matusi.

Sesilia aliumia. Sitazunguka: aliumia kuliko siku ile skrinshoti iliposambaa, maana wale walioisambaza hakuwajua, na huyu alimjua. Bi Khairiya alivuta barua karibu, akafungua kalamu.

"Poli," Sesilia alisema taratibu. "Msibani kwa baba, ulivaa kofia yake kwa nini?"

Polikarpo akaacha kutazama feni.

Mzee Erasmus, baba yake Sesilia, alifariki Machi mwaka jana. Siku ya mazishi, jeneza likiwa bado ndani na wanawake wamelia mpaka sauti zimewakauka, Polikarpo alifika pale nyumbani kwa fujo. Alichukua kofia ya pama ya marehemu msumarini akaivaa. Akachukua na fimbo yake, akatembea uani akikohoa kikohozi chake kile kile, akiwafokea wajukuu kwa sauti ya mzee mwenyewe. Kisha akajilaza kizingitini, akatangaza kwamba maiti haitoki mpaka mateka wake Wamwera wampe jogoo. Watu walicheka na machozi yakiwatoka. Jogoo akatafutwa, akatolewa, ndipo Polikarpo akanyanyuka. Sesilia alikuwa hajacheka tangu baba afumbe macho, na siku hiyo alicheka, na moyoni akamwekea Polikarpo mahali ambapo hakumwekea mtu mwingine.

Mtani akifanya vile anafuta machozi. Asiye mtani akifanya vile, amecheza juu ya maiti ya watu.

Kalamu ya Bi Khairiya ilikuwa imesimama.

"Nilikuwepo," alisema. "Nilikaa mkekani na wanawake, na chini ya kofia ile sikukutambua. Nikauliza huyu mwehu nani, nikaambiwa ni mtani, mwacheni. Sasa niambie wewe, Polikarpo. Kama si mtani, pale kizingitini ulikuwa unafanya nini?"

Hapo wakala wa mashine aliona njia mbili mbele yake, na zote zina miba. Akisema ni mtani, amedanganya dakika tano zilizopita. Akisema si mtani, hakuna mlango Mtoni atakaopita tena, na habari za msibani husafiri mpaka Mbinga kabla basi halijatoka stendi. Alitoa leso akafuta shingo.

Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kwa baba ni Mmatengo kweli. Ila mama yake ni Mngoni wa Peramiho, na amelelewa ujombani. Utani upo. Na meseji zake nne alizifuta mwenyewe Jumapili, baada ya misa.

"Ni mtani wangu," alimalizia, kama mtu anayetema mfupa.

Bi Khairiya aliichana barua mara mbili, akaitia kwenye ndoo ya taka. Sesilia aliinamia meza akalia, na hakuona haya kulia. Miaka tisa ya kuchoma vidole vya watu, na leseni aliyoisomea kwa kuuza maandazi asubuhi, vilikuwa vimerudi mikononi mwake. Bi Khairiya alimpigapiga mgongoni akimwita mwanangu, akamwambia kesho yeye mwenyewe atasimama pale mapokezi awaeleze wagonjwa ukweli ulivyo.

Mhariri wangu angependa niishie hapo, nafasi iliyobaki aweke tangazo la magodoro. Lakini Polikarpo alikuwa bado hajaondoka, na mtu aliyeaibishwa hapendi kuaibika peke yake.

"Kufuta nimefuta, nakubali," alisema akisimama. "Ila skrinshoti sikupiga mie, na sikuisambaza mie. Msinibebeshe ishu ya mtu mwingine."

Bi Khairiya akamuuliza ni ya nani. Polikarpo alifungua simu yake, akaperuzi, akaiweka mezani mbele ya Sesilia bila kusema jina.

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana. Skrinshoti ile ile, ikiwa bado haijawekwa maandishi mekundu. Chini yake mtumaji aliandika: "Braza, hii hapa. Futa zako, mie naimwaga mtandaoni."

Jina la mtumaji lilikuwa Augustine.

Sesilia alisoma mara ya kwanza akadhani ni Augustine mwingine, maana wako wengi. Akaitazama ile picha ndogo ya duara kando ya jina. Kijana kavaa joho la mahafali, na mkono uliomshika bega, ambao mwili wake haukuingia kwenye picha, ulikuwa na saa ya Sesilia.

Augustine ni mdogo wake, tumbo moja. Ana miaka ishirini na saba. Sesilia ndiye aliyemsomesha chuo cha kompyuta baba alipoacha kazi, na ndiye aliyemwingiza Darubini, kwa maneno haya: nawaletea kijana wangu, mmheshimu, anajua kuliko mie.

Polikarpo akaeleza bila kuulizwa. Mashine ikinunuliwa inahitaji mtu wa kuiendesha, na nafasi hiyo alimwahidi Augustine. Barua yake ya maombi ipo kwenye ile bahasha ya kaki aliyomletea Bi Khairiya wiki iliyopita. Bi Khairiya aliitazama bahasha pembeni ya meza, ikiwa bado imefungwa kwa gundi.

"Na yuko wapi huyo kijana?" aliuliza.

"Nje kwenye benchi, mama. Nilikuja naye kwa ajili ya usaili."

Kwa hiyo wakati Sesilia anatetea mkate wake humu ndani, nduguye alikuwa nje anasubiri zamu yake ya kuukata. Bi Khairiya alimwita kwa sauti.

Augustine aliingia na faili la plastiki kifuani. Alimwona dada yake, akaona simu iliyolala mezani, akajua. Hata hivyo mila ni mila.

"Shikamoo, dada."

Sesilia hakuitikia. Tangu Augustine ajue kusema hajawahi kumnyima marahaba, hata siku alizomchapa. Chumba kizima kilikaa kikiisubiri, na haikuja.

"Ungeniambia," Sesilia alisema mwishowe.

"Nilikuambia, dada. Miaka minne natafuta kazi. Nilikuambia kuna mashine inakuja, naweza kuiendesha. Ukanijibu kwenye grupu, mbele ya watu wote, kwamba mashine hiyo inafaa kusoma bei ya nyanya. Wakacheka wiki nzima. Mie si mtani wako. Mie ni mdogo wako."

Ni kweli aliandika hivyo. Aliandika akiwa ameshinda hoja, na mtu aliyeshinda hoja haangalii amemkanyaga nani. Lakini bado, ndugu zangu, kuna kuchukia na kuna kuuza. Sesilia alimwambia hilo kwa maneno machache kuliko mimi, na Augustine aliinamisha kichwa.

Bi Khairiya hakuwa na muda wa kilio cha ndugu. Alichomoa karatasi nyeupe, akamsogezea Augustine pamoja na kalamu. Aandike hapa hapa kwamba skrinshoti ile ni ya uongo, ameikata kwa makusudi, na dada yake hajawahi kuandika majibu bila kupima. Aweke saini, kisha aimwage mtandaoni kama alivyoimwaga ile ya kwanza. Akikataa, atakwenda kuandikia kituo cha polisi.

Augustine alishika kalamu. Aliandika tarehe, akaandika jina lake, akaandika mstari mmoja. Akasimama.

"Siwezi kuandika hajawahi," alisema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ameshawahi."

Sesilia alifumba macho. Alijua kinachokuja, na alijua hakuna mtu mwingine duniani ambaye kingeweza kutoka kinywani mwake.

Siku ya tatu ya matanga walikuwa wawili tu, nyuma ya nyumba, wanasugua masufuria ya watu. Sesilia alikuwa hajala siku tatu. Akamwambia mdogo wake kwamba kuna jambo linamkaba, akamwomba asimwambie mtu hata akifa. Asubuhi ile simu ilipokuja kwamba baba ameanguka, slaidi ya mgonjwa ilikuwa tayari chini ya darubini, imeshapakwa rangi. Hakuitazama. Aliandika kwenye fomu kwamba hakuna vimelea, akapiga mhuri, akakimbia. Mara moja tu katika miaka tisa. Augustine alimshika mkono wenye masizi akamwambia, dada, yameisha, tusilizungumze tena.

Na sasa alikuwa anayazungumza, mbele ya Bi Khairiya na mbele ya wakala wa mashine, akitazama sakafu. Alisema yote, mpaka masufuria.

"Hilo nilikupa wewe peke yako," Sesilia alimwambia.

Polikarpo alichukua simu yake mezani akaiweka mfukoni. Mtu hutania kwa kile kinachomkaa rohoni, ndugu msomaji, na sasa unajua kwa nini maneno yale ya Ijumaa yalimtoka Sesilia kirahisi vile.

Bi Khairiya alikuwa anahesabu kitu, midomo ikicheza.

"Siku mzee Erasmus alipoanguka," alisema. "Ilikuwa Alhamisi. Saa tatu asubuhi."

Hakuwa anauliza.

Alhamisi ile saa tatu kasoro, Bi Khairiya alimleta mwenyewe mjukuu wake Lujain, wa miaka minne, ana homa. Fomu ilirudi inasema hakuna vimelea. Mtoto akapewa dawa ya kifua, akarudishwa nyumbani. Jumapili akapatwa na degedege. Alilazwa wiki mbili na nusu, na alipotoka sikio la kushoto lilikuwa halisikii tena. Sesilia alikwenda kumwona hospitali, na nguo nyeusi za msiba bado mwilini. Alipeleka machungwa. Alimshika Bi Khairiya mkono wakaomba pamoja, kila mmoja kwa dini yake, na Bi Khairiya amelisimulia jambo hilo mpaka kwa jamaa zake wa Kawe, kwamba katika wafanyakazi wake wote aliyekuja ni yule aliyefiwa.

"Sesilia," alisema. "Lujain ulimpima?"

Angeweza kukana. Slaidi ilishaoshwa zamani, fomu ina mhuri, na shahidi ni kijana ambaye ametoka kuumbuka kwa fitina. Polikarpo alikuwa amemwonyesha muda si mrefu jinsi mtu anavyokana bila kupepesa jicho. Neno moja lingemwachia kazi yake, na nduguye angeondoka na jina la mwongo, ambalo wengi wenu mngesema anastahili.

"Hapana, mama," Sesilia alisema. "Sikumpima."

Bi Khairiya alisimama. Alikwenda mlangoni, na wote watatu walidhani anatoka. Hakutoka. Aliufunga mlango kwa ufunguo, ufunguo akautia kifuani, akarudi kukaa. Akachukua simu akampigia mwanawe Khalil, baba yake Lujain.

"Njoo zahanati sasa hivi," alimwambia. "Na mtoto uje naye."